Mikate ya Jumatatu

Picha ilifika saa kumi na nusu alfajiri,
imepinda, imepigwa kwa simu,
nusu ya skrini imefunikwa na kidole gumba
chenye unga kwenye kucha.
Chini yake: "Samahani kwa swali la kijinga.
Kwa nini haifanyi kazi?"
Basi.
Haifanyi kazi nini? Wapi? Tangu lini?
Kama mtu aliyempigia daktari simu,
akasema "inauma," akakata.

Indulis alikuwa ameshamjibu.
Indulis hulala na kibodi,
na ulimi wake hauna ala.
"Jifunze kwanza kuuliza," aliandika,
"ndipo uulize."
Watu kumi na wanne wakacheka kwa vidole vyao,
nami, sisemi uongo, nusura niwe wa kumi na tano.
Jibu langu lilikuwa tayari,
nalihifadhi karibu kama chumvi mezani:
Hili lilishajibiwa. Tafuta.

Daugavpils ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri,
radieta ikikohoa, chai imeshaota utando.
Nikaikuza ile picha.
Pembeni mwa kidole, mstari wa tisa.
Nyuma ya kompyuta, rafu za mbao,
mikate myeusi imepangwa kama matofali.
Mtu huyu hakuwa mvivu.
Mtu huyu alikuwa kazini.

Jina lako nani?
Ausma. Mwokaji, Ludza. Miaka hamsini na mitatu.
Mpwa wake alimwachia programu
ya kugawanya gharama ya unga kwa idadi ya mikate,
kisha akaenda Ayalandi kufungasha uyoga.
Naye usiku, kinyunya kikiumuka,
alijifundisha kuirekebisha neno kwa neno,
kama asomaye barua ya posa
iliyoandikwa kwa lugha ya jirani.

Nikamuuliza: Jumatatu mlioka mingapi?

Kimya. Nikasikia lifti ikipanda hadi ghorofa ya sita,
ikashuka.
"Jumatatu tunafunga," akaandika.
Halafu, herufi moja moja:
"Sifuri. Nimegawanya kwa sifuri."
Sikumwambia mimi. Alijiambia.
Hata asante hakuacha; tanuri lilikuwa limemwita.

Nililala nikijiona mwema.
Hapo ndipo pabaya.

Februari ikaleta mvua iliyoganda ilipogusa nyaya.
Siku nzima haikutoka tramu hata moja,
na kesho yake mbao za ratiba vituoni
zikazimika zote, kuanzia stesheni hadi ngomeni.
Watu walisimama na barafu kwenye nyusi,
wakikitazama kioo cheusi kama mdeni wao.
Mbao zile ni kazi yangu. Mwaka wa kumi na moja.
Nikausoma msimbo wangu mara nne, mara saba,
kila mstari ukinitazama
kwa uso wa mtoto ambaye hajavunja kitu.
Nyani haoni kundule, husemwa.
Huku kwetu hakuna nyani.
Methali imefika bila yeye.

Saa nane mchana nikashika simu,
nikaipiga picha skrini,
nikamtumia Indulis (Indulis, jamani!)
picha iliyopinda,
kidole changu gumba juu ya mstari wenyewe.
Samahani kwa swali la kijinga, niliandika,
na vidole vyangu vikayatambua maneno
kabla yangu.

Nukta tatu zikawaka, zikazima, zikawaka.
Naujua ulimi ule. Nikakaza meno.

"Velta," akaandika,
"jana zilitoka ngapi?"